Mstari Niliofuta Osiri

Mwanangu, keti hapa unisikilize kidogo, maana jana nilikuona ukipiga makofi. Tulikuwa kwenye mazishi ya jirani, na yule mbunge mgeni akashika kipaza sauti akasema kila kitu kitakachotoka kwa Rais yeye atakipitisha bila swali, ili watu wake waletewe lami. Nyinyi vijana mkashangilia. Mimi nilitazama viatu vyangu. Maneno yale niliwahi kuyasema mimi mwenyewe, na nilimzika mtu kwa sababu yake.

Nakumbuka asubuhi moja ya masika huko Osiri, kwenye machimbo ya Migori, nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Nilitoka hapa Asumbi na mdogo wangu Ouma tukaenda huko kuchimba dhahabu. Tulikuwa kikundi cha watu arobaini hivi, na tulikuwa na katiba yetu kwenye daftari la shule. Usicheke. Ilikuwa katiba kamili. Mwenyekiti, Odongo, ndiye aliyepanga kazi: nani ashuke, saa ngapi, mawe yauzwe wapi. Lakini mvua ikinyesha, mwenyekiti hakuwa na neno. Kamati ya watu watano ilishuka kwanza, ikagonga magogo yanayoshikilia udongo, na watatu kati yao wakisema "hapana," shimo linabaki limefungwa. Odongo hakuweza kutuamuru tuseme ndiyo, nasi hatukuweza kupanga zamu zake. Kila mmoja alikuwa na lake.

Sheria hiyo iliandikwa kwa ajili ya Min Achieng', mama yake Achieng', aliyekuwa akiosha mawe pale mtoni. Mumewe alishuka baada ya mvua, wala hakupanda tena. Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa wale watano. Mimi nilikuwa mwingine, tena katibu wao, kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne na mwandiko wangu ulikuwa mzuri.

Mwaka ule mvua ilikataa kukoma. Tulikuwa tumefikia mwamba wenye dhahabu, na kila siku kamati ilisema tungoje. Odongo hakuwa mtu mbaya, mwanangu, nataka ulielewe hilo. Alikuwa mkarimu, na ndiyo maana tulimpenda kupita kiasi. Akaniita pembeni.

"Owino, ndugu yangu, hii kamati yenu inatuchelewesha. Niachieni mimi niamue. Nami zamu ya kwanza kwenye ule mwamba nitampa Ouma."

Nikaona nimepata, maana anayefika kwanza mwambani ndiye anayevuna zaidi. Nikaenda kwenye kikao nikatoa hoja kwamba mwenyekiti apewe uamuzi wote, mvua au jua. Wenzangu watatu walishaahidiwa zamu zao. Aliyepinga alikuwa Min Achieng' peke yake.

"Na siku akikosea," akauliza, "ni nani atakayemwambia hapana?"

Mmoja wetu akacheka. "Mama, wewe kazi yako ni kuosha mawe. Huko chini unakujulia wapi?"

"Mume wangu anakujua," akasema.

Nikachukua kalamu nikapiga mstari juu ya sheria ile. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa ulimi na mkono pamoja.

Siku ya tatu mvua ilinyesha tangu alfajiri. Ilipopungua, Odongo akatazama mbingu akasema tushuke. Ouma alishuka wa kwanza, kama tulivyokubaliana. Aliniambia, "Leo nitakununulia viatu, jaduong'," akiniita mzee kwa utani. Udongo uliporomoka kabla hajafika kwenye mwamba. Tulimtoa jioni.

Kilioni nilipiga kelele kwamba Odongo amemuua ndugu yangu. Odongo mwenyewe alikuwa pale analia kuliko mimi. Min Achieng' akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba, akafungua lile daftari.

"Hapa paliandikwa kwamba hawezi," akasema. "Nani alifuta?"

Nikanyoosha mkono kulifunga, akalizuia kwa kiganja.

"Huu mstari ni wa mkono wa nani, Owino? Mimi sijui kusoma, lakini mistari naiona."

Mwanangu, watu wengi wamenipa pole tangu wakati huo. Neno lililonisaidia ni lile tu, nalo lilikuwa chungu kuliko zote. Odongo alifanya alichoruhusiwa. Sisi ndio tuliomruhusu, kwa bei ya zamu.

Sasa usikie kwa nini nilitazama viatu. Katiba ya nchi yetu ni lile daftari, ila limekuwa kubwa. Rais anaendesha serikali, Bunge haliendeshi. Lakini Bunge ndilo linalotunga sheria na kuidhinisha fedha za nchi. Rais akiteua mawaziri, wabunge huwapima kwanza. Akikataa kutia saini muswada, anaurudisha na kueleza sababu. Na theluthi mbili ya wabunge wakishikilia msimamo, unakuwa sheria hata kama hakutia saini. Zamani, nilipokuwa Osiri, Rais aliweza kulivunja Bunge akitaka. Leo hawezi. Watu walihangaika sana ili mstari huo uandikwe, wengine hawakurudi nyumbani.

Na mstari hufutwa bila kalamu. Mbunge anayesema atapitisha kila kitu ameufuta tayari, na sisi tunaomshangilia tumemshikia daftari. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Tunaogopa kumuudhi mkubwa tukakosa lami, halafu magogo yakivunjika tunauliza nani aliua.

Sikuambii umchukie Rais, huyu wala mwingine. Hata mtu mwema anahitaji mtu wa kumgongea magogo kabla hajashuka. Labda mwema zaidi, maana yeye ndiye tunayeona haya kumkatalia. Najua wewe una akili na hujachelewa. Mimi nilijifunza nikiwa nimebeba jeneza, nawe unajifunza ukiwa umeketi kwenye kiti. Hiyo peke yake ni neema.

Mungu akupe ulimi usionunuliwa, na akufikishe uzeeni bila kaburi la kuogopa kulitazama mvua ikinyesha.

Basi, siku mbunge wako atakapokuja kuomba kura, ngoja amalize, kisha uinue mkono. Muulize swali moja tu: "Mheshimiwa, mara ya mwisho kusema hapana ilikuwa lini?" Halafu usipige makofi mpaka ajibu.