Divai ya Kupeleka kwa Bakwe

Ukisikia muntu anasifu divai nyekundu ya Bafaransa, umuulize kama alishakunywaka chupa nzima. Mimi nilikunywa, peke yangu, mbele ya bakwe, na mupaka leo meno yangu iko inanikasirikia.

Ilikuwa kisha ya uhuru. Nilikuwa napikia muzungu mumoja mwenye ngombe kule Mushaki. Kila mangaribi anafungua chupa. Usizani anakunywa! Anaizungusha kwanza ndani ya glasi kama mama mwenye kupepeta maharagi, kisha anaingiza pua. Ile pua ilikuwa murefu, ilikuwa inafika kwa divai siku moja mbele ya mudomo.

"Unasikia? Matunda ya pori. Ngozi. Majani yenye kulowana na mvua."

Ngozi! Na mimi niko mutoto ya Itebero, kule ndani ya pori, nilizaliwa ndani ya majani yenye kulowana. Nilitembea siku ine kwa miguu juu ya kukimbia ile harufu, na yeye anaiagiza na meli!

Tena ile divai ilikuwa na maringo. Inataka nyama ya ngombe ya kuchoma, inataka fromaji, ile maziwa ya kugandisha mupaka inakuwa ngumu. Samaki, hapana, inagombana nayo. Kinywaji gani yenye kuchagua marafiki? Kasiksi yetu, pombe ya ndizi, inaenda na maharagi, na muhogo, na ndoa, na kilio, na njaa.

Siku nilimuambia naenda kuomba mwanamuke kwa Bahunde, kule juu ya Rubaya, akanipa chupa moja. "Peleka hii. Watakuheshimu." Mutungi ya kasiksi iko muzito, na ile mulima inapanda mupaka unaweza kugonga kichwa kwa mwezi. Nikachukua chupa. Uvivu, njo kosa yangu.

Kule kwa bakwe tulikula kwanza: bugali na makayabo, ile samaki ya chumvi. Nilikula vipande tatu. Kisha nikatoa chupa. Baba ya binti akaiangalia.

"Kijana, hii damu ni ya nani?"

"Papa, ni divai ya Ufaransa. Wakubwa njo wanaikunywaka."

"Sawa. Kunywa wa kwanza."

Kwao, mwenye kuleta pombe anaionja mbele ya wote. Na wao hawaangalie pombe, wanaangalia sura yake. Ukikunja uso, ulileta sumu, na ndoa imekufa hapo hapo. Na mimi, miaka yote kwa muzungu, nilikuwa nafungua tu, hata tone moja sikuonja.

Nikakunywa. Mama yangu! Ilikuwa kama kulamba musumari ndani ya siki. Uso ulikunjamana mupaka masikio ikasalimiana nyuma ya kichwa.

Shangazi ya binti akaruka. "Muliona? Muliona ile sura? Huyu muntu wa pori alikuja kutumaliza!"

"Hapana, shangazi! Ni samaki! Hii divai haipatanake na samaki!"

"Ah," mama ya binti akasema, "sasa sumu iko kwa makayabo yangu?"

Binti alikuwa kwa mulango ya jikoni, mukono kwa mudomo. Niliona namupoteza hivi, juu ya kipande ya samaki.

Baba akanionyesha chupa na kidole. "Kama si sumu, maliza. Hapa hapa."

Nikamaliza. Glasi ya tatu, nilisikia ngozi kweli: ya kiatu. Ya ine, nilisikia na soksi. Ya mwisho nilikunywa macho wazi, namuangalia binti, na uso sikukunja. Kisha tukakaa tunangojea kifo yangu. Jua ilihama kutoka mulango mupaka nyuma ya nyumba. Sikukufa. Nilitapika tu, mbuzi yao ikakuja kunusa, ikakimbia.

Baba akacheka mara ya kwanza. "Mwenye kumaliza ile uchafu juu ya mutoto yangu, hatamuacha. Lakini siku ya yenga, watu wakitoka misa, urudie na kasiksi. Mitungi mbili: moja ya kuomba mutoto, moja ya kutusahaulisha hii."

Nilibeba zote mbili, mulima ile ile, kichwa inaniuma bado.

Chupa tungali nayo. Ule binti, sasa bibi yangu, anawekaka ndani mafuta ya mawese. Sasa njo inapatana na samaki.