Samaki Asiyetaka Chumvi

Saluni ya shangazi iko Chaani, Mombasa, na mimi ndiye ninayeosha nywele. Kazi hii inanifaa. Mtu aliyelaza kichwa kwenye beseni na povu masikioni haulizi maswali mengi, nami si mwepesi wa kujibu.

Mteja wetu mmoja wa Port Reitz alipokuwa anahamia bara, alimpa shangazi tangi la kioo na samaki mmoja. Nikatumwa kumchukua. Sikuwahi kuona samaki wa namna ile. Mdomo wake uko chini ya kichwa, mviringo kama kifungo cha koti, na kwa mdomo huo hujibandika kwenye kioo akanyonya ukijani unaoota humo. Mwili una madoadoa, mgumu kama kofia ya pikipiki.

Yule mama alinieleza malezi yake taratibu. Asili yake ni mito ya Amerika ya Kusini. Awekewe kipande cha gogo akigugune, na pango la kujificha, kwa kuwa mchana hapendi kutazamwa. Hapo nilimwelewa sana huyo samaki. Ukijani peke yake haumshibishi, apewe na tango. Na maji yawe matamu, yakae kwanza siku nzima kwenye beseni wazi ili dawa ya kusafishia maji ya mfereji iishe.

Nilirudi na samaki ndani ya ndoo, maneno yote nimeyashika. Shangazi alikuwa anasuka. Akaniuliza yule mama amesema nini, na wateja wanne wakageuka kunitazama.

"Anakula tango," nikasema.

Mengine nikayameza.

Sasa, kwetu mitungi ni ya aina mbili. Ya manjano ina maji ya chumvi ya kisima, ya kufulia na kupiga deki. Ya buluu ina maji matamu anayoleta mwenye mkokoteni, na hayo ni ya chai ya wateja na ya kusuuza nywele mara ya mwisho. Kuyamwaga kwingine ni kosa kubwa kuliko kuvunja kioo cha ukutani. Kwa hiyo nilipouliza kwa macho nitumie mtungi upi, shangazi alinionyesha wa manjano. Alisema samaki hanywi chai, tena samaki gani wa Mombasa anayeogopa chumvi?

Nikamimina mwenyewe, ndoo baada ya ndoo.

Siku ya tatu samaki aliachia kioo. Akawa anapanda juu kuvuta hewa, kisha anashuka kama jani. Rangi ikapauka, ute mweupe ukamtanda mgongoni. Wateja wakapata la kusema. Mmoja alidai samaki amechoka kungoja zamu yake. Mwingine alisema ni umbea wetu, amesikia mengi kwa siku chache. Mimi nilijinyima chai na kumimina maji yangu matamu ndani ya tangi, kikombe kimoja kwenye ndoo nne za chumvi. Samaki hakuhisi kitu.

Siku ya tano niliona hatafika Jumapili. Nikachukua karatasi. Mimi huandika polepole, na mistari miwili ilinichukua asubuhi nzima, kati ya kichwa na kichwa. Nikaibandika kwenye kioo cha tangi, nikarudi haraka kwenye beseni.

"Nani amebandika karatasi hapa?" shangazi akauliza.

"Abee, shangazi. Ni mimi."

"Miwani yangu iko nyumbani. Njoo unisomee."

Hilo sikulipigia hesabu. Nikainama mbele ya tangi, nikasoma: "Samaki huyu ni wa mtoni. Maji ya chumvi yanamuua."

"Soma kwa sauti. Huyu aliye ndani ya draya hasikii."

Nikasoma tena. Shangazi akaweka kitana chini.

"Siku zote hizi ulikuwa unajua?"

"Nilijua, shangazi."

"Kumbe mabubu humu ni wawili," akasema yule wa draya.

Shangazi alimtazama samaki, akaitazama mitungi ya buluu. Ilikuwa miwili tu. Nikaongeza la maji kukaa wazi siku nzima, naye akaniambia niimimine yote kwenye mabeseni. Siku hiyo hapakuwa na chai, na wateja wawili walirudi nyumbani nywele zimekakamaa kwa chumvi, wakiapa kwamba samaki atakuja kuwasuka mwenyewe.

Kesho yake nilibadilisha maji, sehemu tu, asishtuke. Keshokutwa yake sehemu nyingine. Gogo nililiokota kwa seremala wa jirani, pango nikamtengenezea kwa kigae cha chungu, na tango nililizamisha kwa kulichomeka kijiko.

Siku ya nne baada ya hapo alijibandika tena kwenye kioo, nyuma tu ya karatasi yangu, ambayo sikuwa nimeibandua. Ukimchungulia kwa ubavuni, mdomo ulikuwa unatembea polepole, kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho.

"Anasoma," akasema shangazi. "Na yeye hana miwani."