Salamu Iliyoangusha Ndege

Nakiri mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine: ndege ya Mwalimu Saidi niliiangusha mimi, na niliiangusha kwa adabu.

Ilikuwa Kilifi, miaka ya themanini. Saidi alikuwa fundi wa ndege kubwa kule Malindi, na alipostaafu akakaa miaka miwili akijiundia kindege cha mbao chenye injini, unakiongoza ukiwa chini kwa redio ya vijiti viwili. Mimi, karani wa makamo niliyezoea kujisomea kila kitu peke yangu, nikamwomba anifunze. Sheria zake niliziandika daftarini kwa wino mwekundu. Ya kwanza: mkono wa kulia hautoki kwenye kijiti mpaka useme "chukua" na mwalimu ajibu "nimechukua".

Tulikuwa tukirushia kwenye uwanja wa shule moja ya bweni, mwingine wa wazi hatukuwa nao, na kamati ya shule ilitaka kutuondoa ikihofia wanafunzi wataumia. Mwenyekiti wa kamati ni baba mkwe wangu. Nikaona (hapa ndipo nilipojiharibia) nimwalike aje ajionee tulivyo waangalifu, na Saidi sikumwambia.

Basi Jumamosi hiyo kindege kiko juu, kimelalia ubavu kikikata kona, Saidi yuko kando yangu, mara nasikia nyuma, "Mkwe wangu, hujambo?" Kugeuka, mzee amenyoosha mkono. Sasa nani kati yenu angempa baba mkwe mkono wa kushoto, au amwambie angoje? Nikaachia kijiti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wajukuu zangu wazima?"

"Wazima, baba."

"Na mama yao?"

Mkono haachii (salamu za kwetu mnazijua), na huku nasikia injini inazidi kulia.

"Sema chukua," Saidi akanihimiza. "Bwana, sema chukua. Nipe hiyo redio."

Nikampa kwa kushoto, ikaniponyoka, ikaanguka mchangani. Kindege kikatoboa paa la makuti la jiko la shule kikatokomea ndani, na mpishi akatoka mbio, mwiko mkononi, unga kichwani. Hakuumia, namshukuru Mungu.

Hapo ndipo mzee alipouachia mkono wangu. "Umenisalimu vizuri, mkwe wangu," akasema. "Sasa uwanja huu msiukanyage tena."

Saidi aliokota vipande kimoja kimoja akavitia kikapuni. Nikamwomba radhi.

"Si uliandika kwa wino mwekundu?" akaniuliza, akaenda zake.

Hakuunda kingine. Mimi nimeapa sitashika tena chombo cha mtu, daftari nimelifungia sandukuni. Baba mkwe hadi leo husifu adabu yangu mbele za watu. Saidi nikikutana naye sokoni humnyooshea mkono, naye hunijibu salamu vizuri tu, kwa mdomo, mikono yake yote miwili ameiweka nyuma.