Mvua Iliyotukuta Msibani Mlali

Ijumaa asubuhi, nikiwa nyumbani mjini, mtaa wa Ipagala, nasubiri chai, redio ilitangaza kuwa mikoa ya kati ingepata mvua kubwa Jumamosi na Jumapili. Chai niliiacha. Shangazi yangu Yudita, mkulima wa Mlali, alikuwa amebakiwa na kibuyu kimoja tu cha mbegu ya mtama. Zile za kwanza alizipanda ardhi ikiwa kavu, kama wafanyavyo wengi kule ili mvua ya kwanza izikute chini, lakini mvua haikuja, na mchwa na ndege wakazimaliza. Akaapa hapandi tena mpaka awe na uhakika. Simu kijijini haikuwepo, na redio yake haikuwa na betri tangu Pasaka. Mjumbe nikawa mimi.

Nilipata lori la mfanyabiashara wa mahindi. Serikali ilikuwa imewafungulia watu wote biashara ya mazao miaka ile, na malori ya watu binafsi yalizunguka vijijini kutafuta nafaka. Tulipoipita Nzuguni, dereva akaniuliza haraka yote ile ya nini. Nikamweleza.

"Kwa hiyo unapeleka mvua?" Akacheka mpaka akakohoa. "Dada, tazama juu. Nyeupe pe!"

Kweli, hapakuwa na wingu hata la dawa. Nikaanza kuogopa. Nikimdanganya shangazi, msimu umekwenda na njaa ni yake.

Alasiri nilifika Mlali. Mashamba yalikuwa yamefyekwa, lakini sikuona mtu hata mmoja. Shangazi nilimkuta anajifunga kanga.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umeusikia msiba?"

"Msiba gani? Nimeleta habari ya mvua. Kesho!"

Akakaa chini pale pale. Jirani yake, Baba Elia, alikuwa amefariki usiku uliopita.

"Hapa kwetu mtu hajazikwa, hakuna anayetia jembe shambani," alisema. "Na tukishazika tunakaa matanga. Hiyo mvua yako haina adabu."

"Na ikinyesha?"

"Tutaitazama."

Jumamosi, wakati wa mazishi, wingu lilisimama upande wa mashariki. Nimezaliwa mkoa huu na sijapata kuona kitu kama kile. Lilikuwa jeusi kama chungu cha kupikia pombe, likaanza kuufunika mlima mzima wa upande ule, kimya kimya, mpaka mwili ukanisisimka. Wanaume walifukia kaburi huku wakiliangalia kwa pembe ya jicho, na kila mmoja akiona haya kwamba mwenzake amemwona.

Sala ilipokwisha, Mama Elia, mjane mwenyewe, akawaambia wale wanawake waliomshika wamwachie.

"Majembe mnayo mkononi," alisema. "Nendeni mkapande."

"Mama, matanga..." mzee mmoja wa kanisa alianza.

"Matanga nitakaa mimi. Watoto wenu watakula nini?"

Hakuna aliyesogea. Ndipo shangazi akavua viatu, akachukua kibuyu chake nyumbani, akaingia shambani. Lakini hakuingia shambani kwake. Aliingia shamba la Baba Elia, ambalo marehemu alilifyeka kwa mikono yake. Tukamfuata wote. Wanaume walichimba vishimo, sisi wanawake tukadondosha mbegu na kufukia kwa mguu. Nusu ya kibuyu iliishia pale. Nusu nyingine tuliimalizia shamba la shangazi, tukikimbia, huku majirani wengine wametawanyika mashambani kwao.

Kisha ikaja. Kwanza harufu, halafu upepo, halafu maji kama yaliyomwagwa kwa ndoo. Sikukimbilia kibanda. Nilisimama katikati ya shamba nikitetemeka, nikacheka, na sijui nilikuwa nacheka nini siku ya msiba. Dunia nzima ilikuwa inanguruma.

Jumapili asubuhi, bado inanyesha, tulikwenda kumuaga Mama Elia kabla sijarudi mjini. Wanawake walituambia hajatoa chozi tangu mumewe akate roho, na walikuwa wanamhofia.

"Na shamba la kwetu lilipandwa?" Mama Elia aliuliza taratibu.

"Tulianza na la kwenu," shangazi alimjibu.

Akageuza uso kuelekea mlangoni, akaisikiliza mvua. Kisha akalia, kwa sauti, akimwita mumewe kwa jina, na hakuna aliyemnyamazisha.

Lori lilikwama kwenye tope mara nyingi nikirudi, na kila tulipolisukuma nilikuwa namwaza yeye. Sikujua kwamba mtu anaweza kufiwa leo na bado akawaza chakula cha jirani yake. Sasa najua.