Filimbi ya Fiston

Jumapili iliyopita binamu yangu Fiston alikuja kwangu Kinyinya, akamvisha binti yangu filimbi ya plastiki shingoni. Mtoto akaipuliza, na mara nikasikia harufu ya ugali uliopoa, ingawa siku hiyo nilikuwa nimepika wali.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba Mdogo, baba yake Fiston, alikuwa seremala kule Gisozi, na kwa kuwa alikulia Mwanza, hakuweza kukaa mbali na maji. Alituundia mitumbwi miwili midogo, na kila Jumapili baada ya ibada tulikwenda nayo ziwa Muhazi. Hakuna aliyegusa kasia kabla ya kukaguliwa: jaketi la kuelea, kopo la kutolea maji, kamba, filimbi. Kila filimbi aliipuliza mwenyewe, akaifuta kwa shati, akaturudishia. "Kelele za mtoto upepo unazimeza," alisema. "Filimbi nitaisikia."

Jaketi langu lilikuwa la njano, tena kubwa kunizidi. Fiston, aliyenitangulia kwa miaka mitatu, akaniita Jerikani. Angeyaacha hayo ziwani ningesamehe. Aliyapeleka kwa mafundi wa baba yake, kisha shuleni, mpaka nikiingia darasani nasikia, "Jerikani, sha, leo umejaa ama uko tupu?" Nililia chooni wiki nzima. Halafu nikaacha kulia, nikaanza kupanga, na kupanga kulikuwa kutamu.

Jumapili moja tulikula ugali na vidagaa vya sambaza ufukweni. Ukaguzi ulikuwa umeshapita. Fiston alivua filimbi ili anawe. Nilimega tonge, nikalifinyanga dogo kama punje ya hindi, nikalisokomeza kwenye tundu la filimbi kwa kijiti.

Alasiri upepo ulishuka kutoka milimani. Mimi nilikuwa karibu na ukingo. Fiston alikuwa mbali, akijionyesha, kasia likamponyoka. Mtumbwi ukakaa ubavu, mawimbi yakaanza kuingia. Nilimwona akiweka filimbi mdomoni, mashavu yakavimba. Kimya. Akapuliza tena. Baba Mdogo alikuwa ametupa mgongo, akiosha sufuria.

Filimbi yangu ilikuwa nzima. Sikuipuliza. Nilitaka kwanza Fiston alie, na nilipomwona analia, nilitaka alie zaidi kidogo. Mtumbwi ulipopinduka ndipo nilipopuliza, mpaka koo likawaka.

Baba Mdogo alichukua mtumbwi wangu, akamfuata, akamvuta kwa kamba. Jaketi lilikuwa limemweka juu. Ufukweni Fiston alitugeuzia kisogo, akachokoa filimbi yake kwa ukucha.

"Mbona hukupuliza?" baba yake alimuuliza.

Fiston alinitazama. "Nilisahau."

Kwa kusahau huko alinyimwa mtumbwi hadi mwisho wa mwaka. Hakuniita Jerikani tena, nami kwa miaka mingi niliamini nimeshinda.

Jumapili iliyopita, binti yangu alipochoka kupuliza, Fiston aliichukua filimbi, akaielekeza dirishani, akachungulia tundu kwa jicho moja.

"Anko, unatafuta nini?"

"Naangalia kama mama yako ameshakula," akajibu, akacheka taratibu.

Ndipo nilipoelewa. Utotoni nilidhani amenifichia siri kwa woga, na baadaye nikadhani ni kwa upendo. Kumbe alikuwa akisubiri niwe na kitu cha kupoteza.

Jumapili ijayo anampeleka binti yangu Muhazi. Mtoto ameshafurahi, siwezi kumkatalia bila kumweleza sababu. Filimbi iko mezani hapa ninapoandika. Nimeshaipuliza mara nne.