Sauti Iliyoelekezwa Kushoto

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika bisibisi wala waya. Tajiri, ndivyo tulivyomwita mwenye duka, alinikalisha ndani ya gari dogo lililoegeshwa mbele ya duka lake pale Bondeni, akawasha redio, akaniambia nisikilize. Kisha akatia injini moto, akaniuliza nasikia nini. Nikamwambia nasikia redio na injini.

"Kuna mluzi mwembamba nyuma ya sauti," akasema. "Ukikanyaga mafuta, wapanda. Wausikia?"

Sikuusikia. Nikamwambia nausikia.

Ilinichukua karibu miaka miwili kuusikia kwa kweli, na kipindi chote hicho nilikuwa nikiitikia kwa kichwa. Mluzi ule hutoka kwenye alteneta, mashine inayojaza betri gari likienda. Ukifunga waya wa bodi vibaya, yaani ule unaofungwa kwenye chuma cha gari ili umeme urudi kwenye betri, mluzi hupenya hadi kwenye spika. Kwa hiyo Tajiri alinifundisha kukwangua rangi kwa msasa mpaka chuma king'ae, ndipo nifunge skrubu. Alinifundisha pia kupitisha waya wa betri upande mmoja wa gari na nyaya za sauti upande wa pili, na kuweka fyuzi karibu na betri, si mbali, ili waya ukichubuka gari lisiungue.

Zamani mteja akitaka sauti nzuri tulitoa redio iliyokuja na gari na kutia nyingine. Baadaye yakaja magari ambayo redio imeshikamana na dashibodi, ukiing'oa unaacha tundu ambalo hakuna kitu kinachoingia. Hapo ndipo kazi yetu ilipobadilika. Redio tuliiacha mahali pake, tukaongeza amplifaya chini ya kiti au ndani ya buti. Kwa kuwa redio zile hazikuwa na mahali pa kuchomeka nyaya za amplifaya, tulikata nyaya zinazokwenda kwenye spika, tukazipitisha kwanza kwenye kijisanduku tulichokiita konveta, kinachopunguza nguvu ya sauti ili amplifaya iweze kuipokea na kuikuza upya. Ni kazi ya nusu siku kwa fundi mwenye subira. Mimi nilikuwa nayo, na kwa muda mrefu hakuna aliyeifanya vizuri kunishinda.

Nilikuwa nimefanya kazi miaka kumi na moja Tajiri alipomwajiri Nekesa. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mzaliwa wa bara. Babake alikuwa fundi wa simu za reli, na ndiye aliyemfundisha kulehemu, yaani kuunganisha nyaya kwa risasi iliyoyeyushwa. Alikuja na sanduku lake la vifaa, akatusalimu, akauliza afanyie kazi wapi.

Tajiri alimpa mtihani ule ule. Gari lililokuwepo asubuhi hiyo nilikuwa nimelimaliza mimi siku iliyotangulia. Nekesa aliketi, akasikiliza, akaomba injini iwashwe. Kisha akasema, kwa adabu kabisa, kwamba kuna mluzi kidogo, na kwa kuwa unakatika gari likitikiswa, pengine waya wa bodi umelegea huko nyuma. Tajiri akafungua buti, akaugusa waya wangu kwa kidole, ukacheza.

Hakunigombeza. Aliniangalia tu, akampa Nekesa spana.

Tangu siku hiyo nilianza kuhesabu. Nilijua Nekesa amepewa magari mangapi kwa wiki na mimi mangapi. Nilijua ni wateja gani waliokuwa wakiniulizia mimi na sasa wanamuulizia yeye. Muuza kahawa alikuwa akipita kila asubuhi, na kwa miaka yote Tajiri alizoea kunipa mimi kikombe cha kwanza. Asubuhi moja alimpa Nekesa kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Sikunywa kahawa siku hiyo wala siku iliyofuata, na walipouliza nikasema tumbo lanisumbua. Nyumbani mke wangu alichoka kulisikia jina la mwanamke huyo. Aliniuliza siku moja kama nimempenda. Nikamwambia ingekuwa hivyo ingekuwa nafuu.

Kisha Tajiri akaweka sharti jipya: hakuna gari linalotoka dukani kabla Nekesa hajalisikiliza. Hata langu mimi. Nilikuwa nikimaliza kazi, nafuta mikono, halafu nasimama kando kama mwanafunzi huku yeye ameketi kwenye kiti cha dereva amefumba macho. Mara nyingi alisema kazi ni nzuri. Hilo liliniuma zaidi kuliko kama angeikosoa.

Mwaka huo Tajiri alikuwa akitafuta duka la pili pale Mwembe Tayari. Alitwambia wazi kwamba mmoja wetu atakwenda kuwa msimamizi huko, na kwamba atamtaja baada ya Ramadhani.

Majuma machache kabla ya mfungo akaja Bi Zuhura. Alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Mji wa Kale, mjane, na gari alilokuja nalo lilikuwa la marehemu mumewe. Mpwa wake ndiye aliyeliendesha. Yeye mwenyewe aliketi kushoto, mahali alipozoea kuketi miaka yote. Sikio lake la kulia lilikuwa halisikii tangu utotoni, na sasa la kushoto nalo lilianza kudhoofika. Alitaka kusikia Kurani na habari bila sauti kupasuka. Ila redio ya marehemu isitolewe.

Tajiri alinituma mimi nilikague gari kwanza. Nikawasha redio, nikaona sauti yote imelalia spika za upande wa kushoto. Nikamwambia Bi Zuhura kwamba redio yake imepinda, na kwamba nitainyosha sauti irudi katikati, bila taabu. Akashukuru.

Nekesa akaja kusikiliza baada yangu. Alibonyeza vitufe, akaangalia tarakimu, akaziandika kwenye daftari lake pamoja na vituo vyote vilivyowekwa. Kisha akamgeukia yule mama.

"Bibi, redio hii haina kasoro," alisema. "Mtu ameielekeza sauti hatua tano upande wa kushoto. Haiendi yenyewe, lazima mtu abonyeze. Ameielekeza kwako."

Bi Zuhura aliitazama redio. Alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Alisema kwamba mumewe hakuwahi kumwambia. Miaka yote alidhani gari lile ndilo lililojaliwa sauti ya kusikika.

"Basi hiyo msiiguse," akasema.

Tajiri alikuwa amesimama nyuma yetu. Aliyasikia yote, yangu na ya Nekesa. Nikaona anavyomtazama Nekesa, nikajua duka la Mwembe Tayari limeshapata mtu.

Gari liliachwa kwetu hadi jioni. Kazi alipewa Nekesa, nami niliuona ugumu wake. Amplifaya yenyewe haikuwa tatizo, kwani huchukua sauti baada ya redio, na redio ikilalia kushoto nayo hulalia kushoto. Tatizo lilikuwa betri. Ili kufunga waya mpya ni lazima betri itolewe, na redio za namna ile zikikosa umeme hata dakika moja husahau kila kitu: vituo, saa, na mahali sauti ilipoelekezwa. Kwa hiyo kabla ya kutoa betri, Nekesa alileta betri ndogo ya pikipiki, akaibana kwa klipu mbili ili redio ibaki hai. Mimi nisingefikiria hilo, na hilo nalo liliniingia moyoni kama mwiba.

Adhana ya adhuhuri ilipotoka, Tajiri aliniita twende msikitini. Nikamwambia atangulie, nitaswali baadaye. Nekesa akaenda kula. Nikabaki peke yangu na lile gari.

Nilibandua klipu moja. Nikahesabu polepole mpaka mia moja, nikairudisha. Hakuna kilichovunjika, hakuna alama. Nikaenda kuswali, nikasimama safu ya nyuma, na sikumbuki nilisoma nini.

Nekesa alipomaliza na kuwasha redio, saa ilikuwa ikimetameta sufuri. Nilikuwa upande wa pili wa duka nikijifanya napanga fyuzi. Nilimwona akiinama kuzitazama klipu, halafu akafungua daftari lake. Alirudisha vituo vyote, kimoja kimoja. Alirudisha sauti hatua tano kushoto. Ungempa mtu yeyote gari lile asingejua kama kuna lililotokea.

Bi Zuhura alipokuja jioni aliketi, akasikiliza, akatabasamu. Nikafikiri mambo yamekwisha hivyo, kwamba Nekesa atanyamaza na kuchukua sifa, na mimi nitakuwa nimejichafua bure. Lakini Nekesa aliinama dirishani.

"Bibi, sitaki kukudanganya," alisema. "Redio ilikosa umeme nikiwa naishughulikia. Nimerudisha kila kitu kama kilivyokuwa, lakini nimekirudisha mimi. Si mkono wa marehemu tena. Nisamehe."

Tabasamu lilimtoka yule mama. Hakusema neno baya. Alisema tu kwamba alikuwa ameomba jambo moja, kisha akamwambia mpwa wake waondoke. Hakurudi tena dukani.

Tajiri alimwita Nekesa faragha, na niliyoyasikia yalikuwa machache. Baada ya Idi alinitaja mimi. Alisema mbele ya watu wote kwamba msimamizi ni mtu ambaye ukimpa amana hairudi na upungufu. Nilimshukuru na kumbusu mkono. Nekesa alinipongeza kwa kunipa mkono wake, akaniangalia machoni. Mimi nikatazama chini. Baada ya miezi miwili aliacha kazi, akafungua banda lake mwenyewe Liwatoni, karibu na wanapopakia samaki.

Pale Mwembe Tayari nilikaa miaka kumi na minne kama msimamizi. Nilifundisha mafundi wengi, na wengine sasa wana maduka yao. Nilifunga amplifaya katika mabasi ya bara na magari ya maharusi. Lakini hakuna mwezi uliopita bila mteja kunitajia "yule dada wa Liwatoni". Wengine walikuja nirekebishe kitu kidogo katika kazi yake, na nikifungua buti naona nyaya zimelala sambamba, kila kiungo kimelehemiwa safi, na moyo unanichoma upya. Niliipata nafasi aliyostahili yeye, na bado nilikuwa nikimwonea wivu. Wakati mwingine niliuonea wivu hata ule ukweli aliousema dirishani. Mimi nilikuwa na miaka hiyo yote ya kuusema wangu, na sikuusema.

Nilistaafu masikio yalipoanza kunisaliti. Tajiri alifariki mwaka jana. Kwenye matanga mtu mmoja alisimama akasema marehemu alijua kuchagua watu, akanitaja mimi kuwa mfano wa mwaminifu. Nekesa alikuwa amekuja kutoa pole na alikuwa mlangoni. Alisikia, akainamisha kichwa, akatoka.

Siku ya tatu yake nilikwenda Liwatoni. Nilimkuta amelala chini ya dashibodi, miguu nje. Nikamwambia nina neno. Alitoka, akafuta mikono, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua siku ile ile, kaka Shee," alisema. "Klipu nilikuwa nimeibana kwenye skrubu. Nikaikuta imebanwa kwenye waya."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ungekana. Na mimi nilikuwa mgeni, wewe ulikuwa na miaka kumi na moja pale. Nilinyamaza kwa sababu sikuwa na shahidi. Usidhani nilinyamaza kwa kuwa nilikusamehe."

Nikamwomba anisamehe sasa. Alisema atafikiria, lakini kwanza kuna mtu mwingine wa kuambiwa.

Bi Zuhura anaishi bado Mji wa Kale, mzee sana, na ukizungumza naye lazima uketi kushoto kwake na uzungumze karibu. Kwa hiyo maneno yale niliyoyaficha miaka yote nilitakiwa kuyasema kwa sauti kubwa, mpwa wake na jirani mmoja wakisikia. Niliyasema. Akauliza kama yule dada alijua. Nikamjibu alijua.

"Nami nikamwondokea bila hata kumshukuru," alisema. "Yako tutayazungumza siku nyingine. Nipeleke kwake."

Vijana hupenda kuniuliza kazi hii inataka nini. Huwaambia inataka msasa, subira na fyuzi karibu na betri, na hayo ni kweli. Siwaambii kwamba mtu anaweza kuvipata vyote hivyo na bado akaishi miaka mingi akichungulia kazi ya mwenzake. Nayaandika hapa kwa sababu usoni siwezi.

Tulifika Liwatoni kabla ya adhuhuri. Nekesa alimletea Bi Zuhura kiti, akaketi kushoto kwake bila kuambiwa. Bi Zuhura akamshika mkono. Kisha akanigeukia, akaniomba niwapishe.

Nikatoka, nikasimama ukutani kwenye jua. Walikaa huko karibu saa nzima. Mara moja niliwasikia wanacheka, na wivu ukanipanda kama siku ile ya kikombe cha kahawa, mzima kabisa, haujapungua hata chembe. Nikiwa hapo akaja mtu na gari jipya, akaangalia nywele zangu nyeupe, akanisalimu kwa heshima na kuniuliza kama mimi ndiye fundi.

Nikamwonyesha mlango.

"Fundi yumo ndani," nikamwambia. "Msubiri, ana mgeni."