Mtoto Asiyelia

Mwaka 1938 Mwahija binti Kibwana, msuka mikeka wa Pande, alitembea siku nne hadi Likawage kumchukua Mboni, mtoto wa marehemu dada yake. Baba mtu alikuwa amekwenda kukata mkonge, akamwacha na bibi yake, kizee kiziwi. Bibi huyo hakuwa na roho mbaya. Kwa kuogopa simba, kila alipokwenda shamba alimpandisha mtoto darini penye mahindi, akaondoa ngazi. Jioni alimshusha, akamlisha bila neno.

Mboni alikuwa na miaka mitatu.

"Njoo kwa mama mdogo," Mwahija alimwita kutoka chini.

Mtoto akafunua kinywa. Ukatoka mlio wa panya wanaotafuna magunzi, kavu, mfululizo. Macho yake yalimpita Mwahija kama vile hakuna mtu pale. Mwahija akapanda ngazi, akamshusha, akaondoka naye.

Huko Pande uji wa moto ulimmwagikia Mboni mguuni. Hakulia. Aliutazama mguu kama wa mtu mwingine. Majirani wakawaita watoto wao ndani.

"Shoga, huyo si mtu," alisema jirani yake, Maftaha. "Mwenyewe mashetani wamemchukua, wamekuachia kivuli."

"Basi nitakilea kivuli."

Akambeba mgongoni siku nzima akisuka, akimsemesha: huu ukili wa mkeka, huyu kuku, hii mvua. Mtoto alikaa mgumu kama gogo, na mara kwa mara ule mlio ulitafuna nyuma ya sikio lake.

Siku moja, maneno yakiwa yamemwishia, Mwahija akaujibu mlio kwa mlio. Kisha Mboni akanyoosha shingo, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. Akatoa tena mlio wa panya, Mwahija akajibu. Maftaha alipowakuta wakitafunana hivyo mchana kweupe, alikimbia bila kuaga.

Lakini kuanzia hapo, kila mlio Mwahija aliupachika neno, na mtoto akangoja jibu.

Mwezi wa saba tangu amchukue, Mwahija akiwa kisimani peke yake, alisikia kilio kutoka nyumbani kwake. Akatupa mtungi, akakimbia. Mboni alikuwa mlangoni, machozi yanamtiririka, mikono mbele.

"Mama!"

Mboni alichelewa kusema, na mpaka alipoolewa Kilwa maneno yake yalikuwa machache. Akibaki peke yake chumbani mwili ulimganda, wala hakujua sababu. Ila watoto wake wanne aliwasemesha tangu wakiwa tumboni.